Kuskani mashine za ofisini kwa skripti, shida iko kwenye listi

Wadogo zangu mnaoanza kazi za IT, hasa nyie mliofika ofisini mkakuta hakuna aliyewahi kuandika mashine ziko ngapi, hili linawahusu. Watu wakisikia kuskani mtandao wanakimbilia kukariri nmap, ile programu ya kuchunguza mashine zipi zipo na poti zipi ziko wazi, na nmap yenyewe haina neno, ipo toka 1997 na kila swali lako lina mtu alishaliuliza. Kitakachokutoa jasho ni lile faili la listi ya mashine za kuskani.

Mi mara ya kwanza nilipewa listi ya mashine kama 60 kwenye Excel, nikaisevu kama teksti, nikaihamishia Linux, nikaandika lupu ya while read inayosoma mstari mmoja mmoja na kupiga ping, yaani kuiuliza kila mashine kama ipo. Jibu: zote hazipo. Zote! Na mhasibu pembeni yangu anaprinti kama kawaida. Nikahangaika na swichi, nikahangaika na kebo, kumbe faili la Windows lina kaherufi kasikoonekana mwisho wa kila mstari, kwa hiyo skripti ilikuwa inatafuta kompyuta zenye majina ambayo hayapo duniani. Dos2unix, programu ya kuondoa hako kaherufi, mara moja, kwisha. Halafu mashine ya mwisho kwenye listi ikawa inarukwa kila siku, sababu mstari wake haukuwa na enta mwishoni. Tuvitu tudogo hivi ndo vinakula siku nzima.

Kingine, ukiweka ssh, ya kuingia seva kwa mbali, ndani ya hiyo lupu itaingia seva ya kwanza tu na skripti itaisha kimya bila erea yoyote, we unafurahi kumbe ssh imemeza listi iliyobaki. Weka ssh -n ili isiguse hiyo listi.

Sasa suala la ping. Windows nyingi faiawoli yake haijibu ping, kwa hiyo mashine kukaa kimya haimaanishi imezimwa. Ukiwa LAN hiyohiyo (mtandao wa ofisi moja) na umeendesha nmap kwa sudo inatumia ARP, yaani inauliza moja kwa moja nani ana IP hii, na hapo hakuna wa kujificha, ila ukivuka ruta kwenda tawi lingine utahitaji -Pn, yaani nmap ichukulie kila mashine ipo bila kuuliza kwanza, na hiyo inachelewa kwelikweli maana inagonga poti za kila IP hata kama hakuna mtu. Ndo maana nasema listi iwe fupi na ya uhakika, siyo unamwaga mtandao mzima halafu unaenda kunywa chai. Na kama IP zinagawiwa na DHCP, yaani mtandao unazigawa wenyewe na zinaweza kubadilika, andika majina ya mashine, IP ya leo kesho ni ya simu ya mgeni.

Printa ziweke pembeni. Poti 9100 ndo ya kupokelea kazi za kuchapa, na kuna printa zikipokea chochote hapo zinachapa, utakuta karatasi zimejaa herufi za ajabu na sekretari anakutafuta. Nmap inaruka 9100 mpaka 9107 yenyewe ikiwa inatafuta matoleo ya huduma, ila skripti ya kujiandikia haina huruma hiyo.

Ruhusa iombe kwa imeili, listi ikiwa imeambatanishwa, bosi ajibu "sawa" kwa maandishi. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao toka 2015 na kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa humo, usije ukaanza kueleza mbele ya watu kwamba ulikuwa unajaribu tu.

Matokeo ya nmap yasevu kwa -oA (inayatoa kwa miundo yake mikuu kwa mpigo) na tarehe kwenye jina la faili, halafu ndiff, ya kulinganisha skani mbili, itakuonyesha nini kimebadilika toka wiki iliyopita. Mi kuna mashine moja ilikuwa leo ipo kesho haipo, nikaanza kuota wadukuzi, kumbe laptop ya mtu wa mauzo anayeondoka nayo kila saa nane kwenda kwa wateja. Siku hizi naskani saa nne asubuhi, watu wote wameshawasha.