Jibu: Morfini ya mgongoni, kwa nini kiasi kidogo vile kinatosha

Mkuu, umeuliza imekuwaje mkeo, aliyejifungua kwa upasuaji jana, ameshinda bila maumivu makali ilhali morfini aliyochomwa mgongoni ilikuwa mikrogramu 100 tu, na kwa nini usiku kucha alijikuna pua. Kazi yangu ni kutoa dawa za usingizi na ganzi, ngoja nikueleze.

Morfini ya kuchoma msulini huwa kama miligramu 10, mara 100 ya hiyo ya mkeo. Kinacholeta tofauti ni mahali inapowekwa. Neva zinazotoa habari za kidonda huingia uti wa mgongo kwa nyuma, na pale zinapoikabidhi habari hiyo kwa neva zinazopanda ubongoni ndipo vipokezi vya opioidi (sehemu za neva ambazo dawa za jamii ya morfini hushika) vimesongamana. Aina kuu ni tatu: mu, delta na kapa. Kwa panya, mu ni takribani 70%, na morfini hushika hiyo hasa. Vipokezi vingi viko kwenye ncha ya neva inayoleta habari. Vikishikwa, njia za kalsiamu hufunga na neva haimwagi tena kemikali zake. Vilivyobaki viko kwa neva inayopokea; huko potasiamu hutoka nje na neva inakuwa nzito kuamka. Delta na kapa nazo hutuliza maumivu, ila dawa tulizonazo wodini karibu zote zinategemea mu.

Haya si ya leo. Watafiti Yaksh na Rudy waliyaonyesha kwa panya mwaka 1976, na kufikia 1979 wagonjwa wa saratani walikuwa wameshachomwa morfini mgongoni.

Sasa sehemu ninayotaka uishike. Fentanili, opioidi nyingine, hupenda mafuta, hufyonzwa upesi na kuisha baada ya saa chache. Morfini hubaki kwenye maji ya uti wa mgongo, nayo hupanda taratibu hadi ubongoni. Ndiyo maana hudumu mpaka saa 24, na ndiyo maana pumzi inaweza kupungua usiku, saa nyingi baada ya upasuaji.

Nilipoanza kazi nilimkuta mama akisugua pua kwa pindo la kanga mpaka ngozi imechubuka. Nikampa dawa ya mzio. Haikusaidia, kwa sababu muwasho ule kwa kawaida si mzio, ni mu zilezile. Ilichofanya ni kumlaza. Nilipoweka kiganja juu ya kifua chake na kuhesabu dakika nzima, nilipata pumzi 8. Naloksoni, dawa inayozuia kazi ya morfini, kidogo kidogo mshipani ilimrudisha, na muwasho ukapungua papo hapo. Hadi leo naisikia ile dakika.

Kwa hiyo, mpaka saa 24 zitimie, mhesabie pumzi akiwa amelala. Zikishuka chini ya 10, au akiwa mgumu kuamka, mwite muuguzi hapo hapo. Na kama kadi yake imeandikwa "mzio wa morfini" kwa sababu ya kujikuna tu, mwombe daktari aiangalie upya kabla hamjaruhusiwa.