Maswali na Majibu: Lava ya Oldoinyo Lengai iliyogeuka nyeupe ndani ya boksi

SWALI: Mimi ni mkusanyaji wa mawe, ninaishi Arusha, na huandikiana na mkusanyaji mwenzangu wa Ujerumani. Kiongozi mmoja wa wapanda milima alinipa kipande cha lava ya Oldoinyo Lengai kilichokuwa cheusi kabisa. Nilikiosha kuondoa vumbi, nikakianika, nikakihifadhi katika boksi la karatasi. Sasa kimekuwa cheupe na kinamung'unyika kikishikwa. Je, ninaweza kukirudisha kilivyokuwa? Mwenzangu ananiomba nimpelekee kipande chenye lebo ya "nyerereiti", na pia jiwe lililochongwa ambalo niliwahi kumweleza kuwa nililiona karibu na Ziwa Natron. Nimjibu nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kilichotokea ndani ya boksi lako hutokea pia kileleni mwa mlima wenyewe, ambako lava hutoka ikiwa nyeusi au ya kahawia iliyokoza na kuanza kupauka ndani ya saa chache au siku chache, hasa mvua inaponyesha. Oldoinyo Lengai ni volkano ya pekee: hakuna nyingine ambayo watu wameishuhudia ikitoa lava ya namna hii, ambayo karibu haina kabisa silika (kiini cha mchanga na cha miamba mingi) na ambayo sehemu yake kubwa ni kabonati za sodiamu, kalsiamu na potasiamu. Lava hiyo, ambayo mjiolojia J. B. Dawson aliieleza katika jarida la kisayansi mwaka 1962, huitwa natrokabonatiti. Joto lake linapotoka ni kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, yaani karibu nusu ya joto la lava ya kawaida ya basalti.

Fuwele zake kuu ni za madini mawili. La kwanza ni nyerereiti, kabonati ya sodiamu na kalsiamu iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na la pili ni gregoriiti, ambayo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya sodiamu na imepewa jina la John Walter Gregory, mjiolojia wa Uingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa. Madini yote mawili huzaliwa bila maji ndani yake, na hayawezi kudumu mahali penye unyevu. Gregoriiti huyeyuka upesi na kuacha nyuma chumvi za sodiamu zenye maji, zikiwemo zile za jamii ya magadi tunayoyafahamu, wakati nyerereiti huvuta maji na kugeuka pirsoniti, madini yenye maji ndani yake. Maji yakiendelea kupita, sodiamu huondoka yote na kinachobaki ni kalisiti, madini yaleyale yanayojenga mawe ya chokaa. Ulipokiosha kipande chako ulianzisha safari hiyo yote kwa siku moja, na boksi la karatasi, ambalo halizuii hewa, liliiendeleza.

Hakirudi. Ukikipasha moto utayafukuza maji, lakini mwamba hautarudi kuwa kama ulivyokuwa, na sodiamu iliyochukuliwa na maji ya kuoshea haipo tena. Hata hivyo usikitupe, kwa sababu kipande kilichobadilika, kikiwa na historia yake kamili, kina thamani ya kweli kwa mtu anayejifunza jinsi mwamba huu unavyozeeka.

Ili ujue kimefika hatua gani, chukua chembe ndogo uitie katika glasi ya maji safi. Ikiyeyuka kwa sehemu, na maji yakaigeuza karatasi nyekundu ya litmasi (ile ya kupimia asidi na alkali) kuwa ya bluu, bado kuna kabonati ya sodiamu. Kisha mwaga maji hayo na uyadondoshee siki masalia meupe yaliyobaki chini. Yakitoa mapovu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni kalisiti. Usianze na siki juu ya kipande kizima, kwa maana kabonati zote nilizozitaja hutoa mapovu na jaribio hilo peke yake halitakutofautishia chochote.

Ukijaliwa kupata kipande kingine kikiwa bado cheusi, kisiguse maji hata kidogo. Kipukute vumbi kwa brashi kavu, kitie siku hiyohiyo katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, uweke ndani vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, vile vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya, kisha uzibe ukingo wa kifuniko kwa nta. Maabara zinazokata mwamba huu ili kuutazama kwa hadubini hutumia mafuta au alkoholi badala ya maji, kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nije kwenye lebo, ambayo kwangu ndiyo sehemu nzito ya swali lako. Usiandike "nyerereiti". Hilo ni jina la madini, nawe una mwamba uliobadilika, ambao huenda hauna tena hata fuwele moja ya madini hayo. Jambo hilo linaweza kuthibitishwa kwa kipimo cha eksirei cha maabara, si kwa macho. Andika: "Natrokabonatiti iliyobadilika, Oldoinyo Lengai, Wilaya ya Ngorongoro, Tanzania". Chini yake taja jina la aliyekiokota, tarehe na sehemu ya mlima alikokiokota, rangi kilichokuwa nayo ulipokipokea, na kwamba kilioshwa kwa maji. Maelezo hayo ya kuoshwa usiyaache kwa kuona haya, maana bila hayo mwenzako atadhani weupe wote umeletwa na mvua za mlimani. Katika barua pia, yatenge uliyoyaona na unayoyakisia, na ambatanisha picha iliyopigwa kwenye mwanga wa jua pamoja na rula.

Barua na picha unaweza kuzituma wakati wowote, lakini kipande chenyewe kinahitaji kibali. Kabla ya kwenda posta, ulizia katika ofisi ya Tume ya Madini iliyo karibu nawe utaratibu wa kutoa sampuli nje ya nchi, wala usikubali kukiandika kwenye fomu kuwa ni pambo au zawadi.

Jiwe lililochongwa ni suala jingine kabisa, na jibu lake ni hapana. Zana za kale na visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na eneo la Ziwa Natron ni tajiri mno kwa urithi huo: huko Engare Sero, chini ya mlima huohuo, ziko nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano yaliyogandamana. Zana iliyoondolewa kwenye tabaka lake humnyima mtafiti umri wake na uhusiano wake na vitu vilivyolala kando yake. Liache lilipo, lipige picha pamoja na rula, na upeleke taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale. Mwenzako unaweza kumpa picha na vipimo. Maelekezo ya mahali hasa lilipo yaweke katika taarifa ya idara tu.