Udongo, chai na damu ya mjamzito

Mdogo wangu, hongera na pole. Umesema mimba ina miezi minne, kliniki wamekuambia damu imepungua, na huwezi kupita Kariakoo bila kununua udongo. Usione haya, hamu hiyo wengi wetu tumeipitia. Lakini hiyo pemba, yaani huo udongo wa kula, iache. Inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri tumboni, na udongo mwingine una madini ya risasi au mayai ya minyoo. Mwambie nesi waziwazi kwamba umekuwa ukiula, maana mara nyingi hamu yenyewe huambatana na upungufu wa damu.

Halafu hiyo chai ya rangi unayoshushia chapati na maharage, nayo inazuia chuma. Inywe saa moja au mbili baada ya kula. Vidonge vya kuongeza damu meza kila siku, kwa maji au juisi ya chungwa, siyo kwa chai wala maziwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hicho.

Chakula chenyewe hakitaki pesa nyingi: dagaa, choroko, mchicha, matembele. Kamulia ndimu juu, vitamini C inasaidia chuma kuingia mwilini. Nyama ukipata, vizuri. Maini yasiwe ya kila siku, kwa sababu vitamini A ikizidi humdhuru mtoto.

Ukisikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio au kuhema kwa shida, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.