Jibu: Fimbo ya usukani inacheza, nikaze nati?

Mkuu, umesema fimbo ya usukani ya ndege uliyojiundia imeanza kucheza, ukauliza kama kukaza nati kutatosha. Hakutatosha. Mwambie mtu ashikilie kibawa cha pembeni (kile kidogo kinachosogea ukingoni mwa bawa) kisisogee, wewe tikisa fimbo huku macho yako kwenye kila bolti. Ile inayozunguka ndani ya tundu la bati ndiyo inayolila tundu hilo.

Bushi ya ndani (kijibomba ambamo bolti hupita) iwe ndefu kuliko mrija unaoizungukia, unene wa karatasi tu unatosha, ili bolti iibane isizunguke, na mzunguko ubaki kwenye grisi, kati ya bushi na mrija. Hesi (mikato ya bolti inayoshika nati) zisikae ndani ya tundu; zinakereza kama tupa (mimi niliwahi kukuta tundu limekuwa na umbo la yai). Panapozunguka weka nati ya pini (inayozuiwa isilegee kwa pini iliyopita kwenye bolti), si ya nailoni. Na usiruke kwanza: ulegevu huo unaweza kuzaa mtetemo wa kung'oa kibawa.