Maswali kwa Fundi: Kilishio cha Vichwa kwenye Mashine ya Kujazia Risasi

Barua nne za mwezi huu zinahusu kazi moja, ambayo baadhi ya ndugu zetu waliohamia Marekani wameikuta huko na kuipenda, yaani kujaza upya maganda ya risasi nyumbani kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha. Kabla ya kujibu nieleze maneno nitakayoyatumia, kwa sababu kwetu neno "risasi" hubebeshwa mambo mengi kwa pamoja, hata madini yenyewe. Ganda ni kile kikopo cha shaba ya njano kinachobaki baada ya mlio. Kichwa ni kipande kinachoruka kutoka kwenye mtutu. Fataki ni kidonge kilichopachikwa kitakoni ili kigongwe na pini. Vyote hivyo vikishaungana, pamoja na baruti ndani yake, ndipo tunapopata risasi. Mashine huyapitisha maganda kituo kwa kituo, kila kituo na kazi yake, na dai ni silinda ya chuma yenye hesi inayofungwa kituoni kuifanya kazi hiyo. Kilishio ni kifaa kinachopanga vichwa ndani ya bakuli na kuvishusha, kupitia bomba na dai yake, kimoja kimoja juu ya mdomo wa ganda; kukalisha ni kukisukuma kichwa hicho kizame mdomoni.

Shikamoo Fundi. Nina mashine ya vituo vitano ninayojazia risasi za milimita 9. Nimenunua kilishio cha vichwa chenye mota, nikakifunga kituo cha tatu badala ya kile kifaa cha kukagua baruti, kama nilivyoona kwa mwenzangu. Vichwa vinashuka vizuri, lakini kimoja kati ya vitano au sita hulala upande au huanguka kabla ya kufika kituo cha kukalishia, na mara mbili ganda limekunjika kabisa. Nimeikaza dai ya kilishio, nimeilegeza, hali ni ile ile. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Fort Worth, Texas*

Marahaba. Umekosea mahali pawili, na hilo la pili, ambalo hukuliuliza, ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Tuanze na ulilouliza.

Dai unayoihangaikia, yaani ile inayoachia kichwa kimoja kimoja, kwa maelezo yako inafanya kazi yake, kwa kuwa kichwa kinashuka kila mara. Tatizo lako limeanza kituo kimoja nyuma, pale baruti inapomiminwa na mdomo wa ganda unapopanuliwa. Faneli ya kawaida, yaani mrija unaopitishia baruti, hupanua mdomo kama tarumbeta. Mtu anayeweka kichwa kwa vidole hasumbuliwi na umbo hilo, kwa sababu kidole chake hukinyoosha kichwa na kukisindikiza mpaka karibu na kituo kinachofuata. Mashine haina kidole. Kichwa kikitua juu ya mdomo wa tarumbeta hukaa kama yai juu ya kizibo, na mtikisiko wowote hukilaza.

Dawa yake ni faneli yenye ngazi, ambayo watengenezaji wa vilishio, Double-Alpha wakiwemo kwa kile kilishio chao kiitwacho Mr. Bulletfeeder, huiuza kwa ajili ya kazi hii hasa. Faneli hiyo, kabla ya kupanua ukingo, hutengeneza sehemu fupi iliyonyooka ndani ya mdomo wa ganda, na kitako cha kichwa huzama humo kidogo na kusimama wima kama mchi ndani ya kinu. Ukishaifunga, chukua kalipa, kile kipimio cha unene, upime ukingo wa nje wa ganda kabla na baada ya kupanuliwa: nyongeza ya robo milimita, au zaidi kidogo ya hapo, inatosha. Ukipanua kupita kiasi shaba huchoka na kupasuka mapema, na ganda huenda likakwaruza dai inayofuata.

Sasa upange dai upya. Kwanza toa fataki zote kwenye mashine, ondoa baruti, na uzime mota, kwa maana hakuna sababu ya kujifunza kurekebisha kifaa huku vitu vinavyolipuka vimekaa pembeni. Jaza bomba la springi kwa mkono, vichwa kumi hivi, vyote kitako chini. Weka ganda moja tupu ambalo mdomo wake umekwisha kupanuliwa chini ya dai, vuta mkono wa mashine mpaka mwisho, kisha ushushe dai polepole kwa vidole, bila spana. Ndani ya dai kuna gololi ndogo zinazokishika kichwa kiunoni. Mdomo wa ganda unapoisukuma sehemu ya chini ya dai kuelekea juu, gololi hupata nafasi ya kurudi nyuma na kichwa huachiwa, huku kinachofuata kikizuiwa kisishuke. Utasikia mlio mdogo kama wa kokoto kuangukia kikombe. Papo hapo simama, ongeza mzunguko kidogo tu, kama robo, kisha ukaze nati ya kufungia huku mkono wa mashine ukiwa bado umevutwa, ili dai ikae katikati ya ganda. Wengi huikaza nati mashine ikiwa imelegea, na dai inabaki imeegemea upande mmoja.

Jambo jingine la kuangalia ni sahani inayozungusha maganda. Ikiwa imelegea, au unaurudisha mkono kwa pupa, sahani hiyo hufika kituoni kwa kishindo na kichwa hurukaruka. Ukiona punje za baruti zimetapakaa juu ya sahani, basi kishindo ndicho kinachokuangushia vichwa. Ikaze kwa kiasi kinachoiruhusu izunguke bila kucheza, na upunguze mwendo sentimita chache kabla ya mkono kufika mwisho.

Nilisema kuna kosa la pili. Ulipofunga kilishio kituo cha tatu uliondoa kifaa cha kukagua baruti, ukadhani umebadilishana kifaa kwa kifaa. La hasha. Ulipokuwa ukiweka vichwa kwa mkono, ulikuwa ukilitazama kila ganda ndani kabla ya kulifunika, hata kama hukujua kwamba unakagua. Kilishio kimeuondoa mkono wako, na jicho limeondoka pamoja nao. Kwa hiyo siku uliyofunga kilishio ulipoteza wakaguzi wawili kwa mpigo. Ganda lisilo na baruti lina nguvu ya fataki tu, ambayo inatosha kukisukuma kichwa mpaka kikwame ndani ya mtutu. Ukipiga risasi nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ganda lililopata baruti mara mbili linaweza kuipasua bastola yenyewe. Mimi limenikuta lile la kwanza, katika mashindano ya asubuhi moja yenye baridi: mlio ulikuwa hafifu kama wa kufungua soda, na bahati yangu ni kwamba msimamizi aliyekuwa nyuma yangu alipaza sauti nisimame kabla kidole changu hakijavuta tena. Kichwa tulikitoa kwa kukigonga na fimbo ya shaba. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ni mimi niliyekuwa nikijaza huku nikizungumza na mgeni.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba katika mashine ya vituo vitano, kama Dillon XL750 na zinazofanana nayo, upange hivi: kituo cha kwanza kirudishe ganda kwenye kipimo na kutoa fataki ya zamani, cha pili, baada ya fataki mpya kupachikwa, kimimine baruti na kupanua mdomo, cha tatu kiwe cha kukagua baruti, cha nne kiwe cha kilishio, na cha tano kitumie dai moja inayokalisha kichwa na kubana mdomo kwa pamoja. Mafundi wengi hawaipendi dai hiyo ya kazi mbili, na hoja yao ina uzito, kwa sababu mdomo unaanza kubana wakati kichwa bado kinashuka, na kwa vichwa vilivyopakwa rangi inaweza kukwangua kidogo. Hata hivyo, kwa risasi ya bastola inayobanwa kidogo tu ili kuondoa ule upanuzi, hasara hiyo ni ndogo. Kalisha kwanza ukiwa umeilegeza sehemu ya kubana, upate urefu unaoutaka usiozidi milimita 29.69, ambacho ndicho kipimo cha juu kabisa cha risasi ya milimita 9; kisha shusha mwili wa dai mpaka mdomo urudi kwenye milimita 9.65 hivi. Wenye mashine za vituo vinane, kama RL1100, hawana shida hii, ila bei yake nayo si ya mchezo.

Kikaguzi nacho hakioni kila kitu. Aina nyingi hutambua ganda tupu au lililojaa maradufu, lakini haziwezi kukuonyesha upungufu mdogo. Funga taa ndogo juu ya sahani, uketi mahali unapoweza kuona ndani ya ganda, na uchague, katika orodha ya mtengenezaji wa baruti, ile inayojaza ganda zaidi ya nusu, ili ikimiminwa mara mbili ifurike mbele ya macho yako.

Habari ya kazi, Fundi. Kilishio changu kinafanya vizuri, lakini mara moja moja, bila mpangilio wowote ninaoweza kuuona, ganda linapita bila kupewa kichwa. Bomba limejaa, mota ni nzima, na ganda linalofuata linapata kichwa kama kawaida. Nibadilishe dai?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Usinunue chochote kwanza. Chukua lile ganda lililopita bila kichwa, ligeuze, usome maandishi ya kitakoni. Nina hakika kubwa utakuta yameandikwa "380 AUTO", maana umeniambia mwishoni mwa barua yako kwamba maganda yako huyaokota uwanjani. Ganda hilo ni ndugu mdogo wa ganda la milimita 9: kwa macho yaliyochoka yanafanana, lakini lako lina urefu wa milimita 19.15, na hilo lina milimita 17.3 hivi. Dai ya kilishio huachia kichwa katika milimita za mwisho kabisa za safari ya ganda, kwa hiyo ganda fupi halifiki kuisukuma, na kilishio chako kimekusaidia kwa kukataa.

Usilipachike kichwa kwa mkono ukaendelea. Katika mashine nyingi kipimo cha baruti nacho husukumwa na ganda lenyewe, na ganda fupi huenda limepata baruti pungufu au halikupata kabisa. Litupe. Kisha, kabla ya kujaza tena, mimina maganda yako juu ya meza yenye mwanga na uyasimamishe wima sako kwa bako. Yale mafupi yataonekana kama watoto katika safu ya watu wazima.

Ikiwa, kinyume na ninavyodhani, maganda yote ni ya urefu mmoja, basi tazama bakuli linalopanga vichwa. Kichwa kikishuka ncha chini, kinaweza kukwama katika gololi na kuachwa ganda moja. Kwenye bakuli kuna sehemu ya kurekebisha inayoviangusha au kuvigeuza vichwa vilivyokaa kinyume, na inabidi ipangwe upya kila unapobadili umbo la kichwa. Iliyopangwa kwa vichwa vya mviringo vya uzito wa greni 124 (gramu 8 hivi) haitavijua vile vyenye tundu nchani.

Fundi, mimi hutumia vichwa vya risasi tupu, yaani madini, vilivyopakwa nta. Baada ya mia mbili hivi kilishio huanza kuchelewa na mota haizimi. Je, ni joto?
*Msomaji, Minneapolis, Minnesota*

Ni nta. Inabaki kwenye kuta za bomba na kuzunguka gololi, na ile swichi ndogo inayopaswa kuisimamisha mota bomba linapojaa huganda mahali pake. Fungua dai, safisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, kausha kabisa, wala usipake mafuta, kwa sababu mafuta hukusanya vumbi na yakifika kwenye baruti huiharibu. Ukiweza hamia kwenye vichwa vilivyopakwa polima au vilivyovikwa shaba. Na kwa kuwa ni madini ya risasi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na vumbi la mezani ulifute kwa kitambaa kibichi, usilifagie.

Salamu. Shemeji yangu aliye Marekani anataka kunitumia mashine yake ya zamani pamoja na kilishio. Nina leseni ya bastola. Kuna kizuizi?
*Msomaji, Mombasa*

Kuna kizuizi kikubwa. Leseni ya kumiliki silaha si leseni ya kutengeneza risasi, na Kenya, kama Tanzania, huhesabu utengenezaji wa risasi bila kibali kuwa kosa la jinai. Mwambie shemeji asitume hata skrubu moja kabla hujapata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka inayotoa leseni za silaha. Huko kwake sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejijazia risasi zake mwenyewe, ila humdai anayezitengeneza kwa kuuza. Wasomaji walio huko kwa viza za muda, kama za masomo au utalii, wajue pia kwamba kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa nafasi chache kama mwenye leseni halali ya uwindaji, na kwamba risasi moja tu iliyosahauliwa mfukoni mwa koti inatosha kuwaletea kesi.