Ukitaka kuwaonyesha vijana Terraferma, usijigeuze DJ

Kama vijana wako wamezoea muvi za kutafsiriwa, zile ambazo DJ anaongea mwanzo mwisho mpaka anamtukana adui kwa niaba ya staringi, Terraferma, muvi ya Mwitaliano Emanuele Crialese, itawasumbua kidogo, maana wanaongea Kisisilia, lugha ya Sicily huko Italia, maandishi ya chini Kiingereza, halafu kuna muda unaona bahari tu na wavuvi wakihangaika na nyavu. Ilipata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Venice 2011 ila kijana wa miaka 15 hiyo haimhusu. Mi nimewawekea vijana wa kwetu huku Kasulu, ambako wakimbizi sio habari ya kwenye tivii, kambi ya Nyarugusu ipo hapa hapa, wakatulia.

Kwanza wahadithie chanzo kabla hujabonyeza plei. Filippo, miaka 20, anaishi Linosa, kisiwa kidogo cha Italia kati ya Sicily na Tunisia, babu yake Ernesto ni mvuvi. Wanakuta watu majini, mzee anawapandisha kwa sababu mvuvi hamwachi mtu azame, matokeo yake boti linakamatwa eti wamesaidia wahamiaji haramu. Nyumbani wanamficha Sara, mama wa Kiethiopia mwenye mimba. Ishia hapo.

Ikifika ile sehemu ya usiku, Filippo yuko baharini na binti mtalii, mara mikono inatokea kwenye maji inang'ang'ania ukingo wa mtumbwi na yeye anaipiga wasipande, hapo we nyamaza kabisa, usisimamishe, usitoe hotuba. Wa kwetu mmoja akaropoka "hata mi ningepiga, wangetuzamisha wote", mwenzake akamjia juu, wakabishana hadi ikabidi nirudishe nyuma. Kwangu ubishi ule ulizidi semina yoyote ya haki za binadamu niliyokaa (na posho juu).

Kwamba dada aliyeigiza Sara alivuka bahari hiyo hiyo kweli, waambie ikishaisha. Ukianza na hiyo watakaa wanamwonea huruma, hawatamwangalia.

Huku kwetu wapo pia watoto waliovuka Ziwa Tanganyika kwa boti wakikimbia vita, kama mmoja amekuja kuangalia mvute pembeni mapema mwambie kuna watu wanazama humo, achague mwenyewe, na asionekane mwoga akiondoka. Wadogo wadogo wasiwepo, kuna maiti ufukweni.

Mwishoni watakuuliza kama Filippo na Sara walifika bara. Muvi haisemi, na we usiwatungie.