Modeli au leiauti? Majibu kwa wanaoploti ramani Mwanza

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanazunguka jambo moja: mchoro ukishakamilika kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, uplotiwe, yaani utolewe kwenye karatasi, kutoka wapi? Chini ya skrini kuna kichupo cha modeli, unakochora kitu kwa ukubwa wake halisi, na vichupo vya leiauti, ambavyo ni karatasi zenyewe kabla hazijatoka kwenye plota, mashine ya kuchapia michoro. Naanza na swali la mwanafunzi kwa sababu karibu mengine yote yanazaliwa humo.

Shikamoo mwalimu. Chuoni tulifundishwa kuchora fremu ya karatasi humohumo kwenye modeli na kuploti kutoka hapo. Ofisini nilikokuja kwa mafunzo ya vitendo wanaploti kwenye leiauti na wamenikataza mtindo wangu. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba. Ofisi iko sahihi, ila waliokufundisha wana sababu zao. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na kwa miaka mingi ya mwanzo hapakuwa na nafasi ya karatasi kabisa. Ilikuja na toleo la 11 mwaka 1990, tena moja tu kwa kila faili. Leiauti nyingi ndani ya faili moja zilikuja na AutoCAD 2000. Waliojifunza mapema walizoea modeli kwa kuwa njia nyingine haikuwepo, na wao ndio waliofundisha waliofuata.

Sasa chukua nyumba ya mita 14 kwa 11. Kwenye modeli ukuta wa mita 14 unauchora 14000, yaani milimita, basi, hakuna hesabu ya skeli. Karatasi ya A3 ni milimita 420 kwa 297. Kwa skeli ya 1:50, yaani ikipunguzwa mara 50, nyumba hiyo inachukua milimita 280 kwa 220, inaingia vizuri na nafasi ya jina la mchoro inabaki. Ukitaka kuploti kutoka modeli, inabidi fremu ya A3 uikuze mara 50, iwe 21000 kwa 14850, na maandishi unayotaka yatoke na kimo cha milimita 2.5 uyaandike 125. Hadi hapo hakuna ubaya.

Kazi inaharibika pale mteja anapotaka choo kionekane kwa 1:20 pembeni mwa karatasi hiyohiyo. Utanakili choo, utakikuza mara 2.5, na papo hapo choo chenye upana wa 1500 kinajisoma 3750. Utaanza kufuta vipimo vya programu na kuandika vya kwako kwa mkono. Wiki ijayo mteja anasema mlango wa choo uhamie upande wa korido. Unauhamisha kwenye ramani ya nyumba nzima, unasahau ile nakala, na fundi wa Buhongwa anashika karatasi moja yenye milango miwili tofauti ya choo kimoja. Atafuata upi? Mara nyingi atafuata ule uliochorwa mkubwa, yaani ule wa zamani.

Leiauti inaondoa balaa hilo. Unatoboa madirisha mawili kwenye karatasi kwa amri ya MVIEW. Yote mawili yanatazama choo kilekile kimoja kilichoko kwenye modeli, la kwanza kwa 1:50, la pili kwa 1:20. Ukihamisha mlango, umehama kote. Fremu yako ni A3 ya kweli, 420 kwa 297, na leiauti yenyewe unaiploti 1:1 siku zote. Skeli inakaa kwenye dirisha. Usiiweke tena kwenye kuploti.

Vipimo na maandishi niweke wapi sasa, modeli au leiauti? Ofisini tumegawanyika. (Mhandisi, Isamilo)

Kaka, mgawanyiko huo upo kila ofisi. Mimi nasimama hapa: chochote kinachosema habari ya jengo kikae modeli, na chochote kinachosema habari ya karatasi kikae leiauti. Kipimo cha ukuta, jina la chumba na alama ya nguzo ni mali ya jengo. Fremu, jina la mradi, namba ya karatasi, tarehe na maelezo ya jumla ni mali ya karatasi.

Wapo wanaoweka vipimo vyote kwenye leiauti, na programu inawaruhusu. Kipimo kinashika kitu kupitia dirisha na kusoma urefu wa kweli. Ila siku mhandisi wa nguzo au fundi umeme akichukua faili lako na kuliunganisha chini ya lake, anapata kuta tupu. Vipimo vyako vimebaki kwenye karatasi ambayo yeye haioni. Kwa kazi inayopita mikono ya watu wanne watano, hilo ni hasara kubwa.

Kilichokuwa kinawakimbiza watu modeli ni ile hesabu ya kimo: 125 kwa 1:50, 250 kwa 1:100, 50 kwa 1:20. Tangu AutoCAD 2008 kuna maandishi na vipimo vinavyojirekebisha vyenyewe kufuata skeli ya dirisha. Unaandika kimo cha karatasini, 2.5, unakipa skeli zote zitakazotumika, programu inafanya iliyobaki. Jizoezeni huo mtindo na ugomvi wa ofisini utapungua.

Mimi ni mpima ardhi. Nikiweka 1:500 kwenye dirisha la leiauti, kiwanja chote kinakuwa nukta. Tena msanifu ananiomba nikihamishe na kukigeuza kikae sawa na karatasi. Nifanyeje? (Ilemela)

Hapa kuna mambo mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

Nukta inatokana na vizio. Wewe unachora kwa mita, karatasi inahesabu milimita. Unapochagua 1:500 kwenye orodha, programu inadhani mita yako moja ni milimita moja, kwa hiyo kiwanja chenye upana wa mita 40, ambacho kilipaswa kuchukua milimita 80, kinatoka na milimita 0.08. Dawa yake: ingia ndani ya dirisha, andika ZOOM, kisha 2XP. Hiyo 2 ni 1000 gawanya kwa 500. Kwa 1:1000 utaandika 1XP, na kwa 1:2500 utaandika 0.4XP. Ukishazoea, ongeza skeli hizo kwenye orodha yako na uzipe majina yanayoeleweka.

Kuhusu kuhamisha kiwanja, nakusihi usikubali. Katikati ya jiji la Mwanza, kwa kanda ya 36 kusini ya UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, namba zako za mashariki ziko karibu na 489,000 na za kaskazini karibu na 9,722,000. Namba hizo ndizo zinazofunga bikoni (alama za mipaka) za kiwanja kwenye ardhi. Ukikivuta kwenda sifuri au kukigeuza kwa ROTATE ili kipendeze, siku ya kurudi saiti na kifaa hutapata bikoni hata moja mahali pake, na faili lako halitakaa tena juu ya la jirani yako mpima.

Geuza mtazamo, usiguse ardhi. Ukiwa ndani ya dirisha, tumia amri ya UCS kushika mpaka wa mbele wa kiwanja kama mstari wa mlalo, kisha amri ya PLAN. Dirisha litageuka peke yake, huku kila bikoni ikibaki na namba zake. Fanya hivyo kabla ya kuweka skeli, maana PLAN huvuruga skeli uliyokwisha kuiweka. Na mshale wa kaskazini uwe kwenye modeli ili ugeuke pamoja na kiwanja. Ukiuweka kwenye leiauti utabaki umeelekea juu, na hapo ramani inadanganya.

Niongeze hili kwa wanaopima viwanja vya ufukweni, kuanzia Luchelele hadi Igombe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Chora ukingo, toa mstari sambamba wa mita 60 kwa OFFSET, uonekane kwenye karatasi. Kwa 1:500 ni milimita 120 kamili, na ofisa anayekagua anaweza kuweka rula na kujiridhisha pale pale mezani. Skeli ikiwa ya kubahatisha, rula yake itasema jambo jingine, na mwenye kiwanja ndiye atakayeumia.

Nina steshenari mjini, naprinti ramani kila siku. Mteja analeta flashi, mchoro umeandikwa 1:100, nikitoa unapishana na rula. Ananilaumu mimi. Kosa ni la nani? (Msomaji, Mwanza mjini)

Dada, mara nyingi kosa linafanyika kwenye hatua ya mwisho kabisa, pale kompyuta inapoulizwa itosheze mchoro kwenye karatasi. Ukikubali, mchoro unabanwa au kutanuliwa kidogo bila mtu kuarifiwa. Kwa ramani, chagua ukubwa halisi, asilimia 100, kila mara.

Halafu angalia karatasi aliyokusudia mchoraji. Mchoro wa A1 ukiutoa kwenye A3 unapungua nusu, kwa hiyo 1:100 inakuwa 1:200. Mtu anaweza kuvumilia kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Wa A2 ukiutoa kwenye A3 unakuwa takriban 1:141, skeli ambayo hakuna rula yake. Hapo mwambie mteja wazi kabla hujabonyeza.

Ombeni wateja walete PDF iliyotoka kwenye leiauti. Faili la DWG, yaani mchoro wenyewe wa AutoCAD, likifunguliwa kwenye kompyuta ya dukani linaweza kukosa fonti na mpangilio wa unene wa kalamu, likaja na mistari yote ya unene mmoja. Na kabla ya kutoa nakala kumi, toa moja. Tafuta kipimo kirefu kilichoandikwa, mathalani 12000. Kwa 1:100 rula lazima isome milimita 120. Ikisoma 116, simama hapo.

Wachoraji nanyi, wekeni kipimo cha mchoro chenye visanduku vyeusi na vyeupe kwenye kila karatasi. Karatasi ikibanwa, nacho kinabanwa, na fundi bado anaweza kukitumia.

Mistari ya kukatika inatokea kama mistari mizima kwenye leiauti. (Mchoraji, Kirumba)

Kwenye mipangilio ya skeli ya mistari, weka PSLTSCALE iwe 1, LTSCALE iwe 1, kisha toa amri ya REGENALL ili mchoro ujichore upya. Mistari itakatika sawa kwenye madirisha yote, yawe ya 1:20 au 1:100, hata kama umechora kwa mita.

Nimepewa barabara ya kilomita 3. Nikate modeli vipande vipande ili kila kipande kiingie kwenye A1? (Fundi sanifu, Usagara)

Usikate. Kilomita 3 ni urefu wa Daraja la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi; kwa 1:500 ni mita 6 za karatasi. A1 ina urefu wa milimita 841. Ukiacha pambizo, dirisha la milimita 760 linabeba mita 380 za barabara, kwa hiyo karatasi 8 zinatosha kwa shida. Chukua 9 ili kila moja ipande kidogo juu ya inayofuata. Tengeneza leiauti ya kwanza vizuri, pamoja na fremu na kila kitu, kisha inakili. Kwenye kila nakala unasogeza na kugeuza mtazamo tu. Chora kwenye modeli mistari ya kuunganishia karatasi na uiandike chenej yake, yaani umbali kutoka mwanzo wa barabara, ili anayesoma karatasi ya nne ajue ya tano inaanzia wapi. Mwisho unazitoa zote kwa pamoja kwa PUBLISH.

Na funga kila dirisha kwa alama ya kufuli. Mtu akizungusha gurudumu la mausi ndani ya dirisha lisilofungwa, skeli imeondoka, na kwa macho huwezi kugundua. Mpaka wa dirisha uweke kwenye leya (tabaka la mchoro) isiyoplotiwa.

Je, kuna wakati leiauti haina kazi? Mimi natengeneza mageti na grili, nataka kupeleka michoro kwenye mashine ya kukata chuma. (Mabatini)

Upo, na huo wako ndio mfano wenyewe. Mashine ya kukata inafuata mistari ya modeli kwa ukubwa wa kweli, karatasi haiihusu. Chora ua la geti 1:1 kwa milimita, futa vipimo, maandishi na mistari iliyolaliana, maana mashine itapita mara mbili pale pale na kuchoma ukingo. Hifadhi kama DXF, aina ya faili ambayo mashine husoma, na mwambie mwenye mashine kwa maandishi kwamba vizio ni milimita. Hata mchoro wa haraka wa kumwonyesha mwenzako wazo kwenye A4 unaweza kuutoa modeli, mradi usiandike skeli juu yake.

Najenga Buswelu. Kijana aliyenichorea amenipa karatasi tu, sasa nataka kuongeza chumba na hapatikani. Nilipaswa kudai nini? (Mama mwenye nyumba)

Shikamoo mama, na pole. Ulipaswa kupewa vitu viwili kwenye flashi: PDF ya kila karatasi, na faili lenyewe la DWG pamoja na mafaili yaliyounganishwa nalo. Ulilipia kazi, ni haki yako.

Kwa sasa usimruhusu mtu apige picha karatasi kwa simu na kuanza kuchora juu yake. Nyumba ipo, imesimama. Mchoraji mpya aje na futi, apime kuta zilizojengwa, achore upya kwenye modeli kwa vipimo hivyo, kisha aongeze chumba. Akimaliza, muulize mbele ya kompyuta akuonyeshe leiauti, na akufungulie dirisha la mpango wa sakafu usome skeli yake. Malipo ya mwisho mpe siku anayokukabidhi flashi.